Kabali ya Begani

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Huo ni msemo wa mabondeni. Begani ulikuwa umesimama kichwa chini, miguu juu: mficha maradhi alipandishwa cheo, na aliyeumbuliwa na kifo ni mgonjwa mwenyewe, ambaye hakuwa na habari kwamba anaumwa.

Kanisia Gama alilijua hilo kwa sababu yeye ndiye aliyesoma damu.

Begani ulikuwa mji uliojengwa kwenye bega la mlima, juu kuliko miti inavyothubutu kuota. Watu walipanda huko baada ya joto kuwafukuza bondeni, joto lile la kulala mashimoni mchana na kulima usiku kwa mwanga wa mwezi. Juu kulikuwa na baridi, kulikuwa na maji, na kulikuwa na kazi. Nyavu za ukungu zilitandazwa kwenye nguzo toka mwamba huu hadi ule, ndefu kama mitaa. Ukungu ukipita, nyavu zinaukamua, na maji yanashuka kwa mabomba kuwanywesha waliobaki chini. Kilichopungua Begani kilikuwa kimoja tu. Hewa.

Hewa nyembamba haina haraka ya kuua. Inabana. Ateri zinazopeleka damu mapafuni hukaza, kuta zake zikanenepa kwa ndani kama bomba lililoshika chokaa, na upande wa kulia wa moyo, ulioumbwa kwa kazi nyepesi, ukajikuta unasukuma mzigo usio wake. Kwa watu wengi mwili huzoea, mambo yakaishia hapo. Kwa wachache, waliorithi udhaifu huo toka kwa baba au mama, ateri haziachi kukaza. Madaktari waliuita ugonjwa huo shinikizo la ateri za mapafu. Watu wa nyavuni waliuita kabali, maana ulikujia kwa nyuma kama kibaka, ukakukaba shingo bila kukuuliza jina.

Zamani, ili kuuthibitisha, daktari alipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa mpaka ndani ya moyo, na mpaka afikie kufanya hivyo mgonjwa alikuwa ameshavimba miguu na siku zake zimebaki chache. Begani hawakungoja miguu ivimbe. Kila mfanyakazi alivaa kibandiko mkononi, na kila mwezi kibandiko kilinyonya matone machache ya damu yakapelekwa maabara. Moyo unaotanuka hutupa protini zake kwenye damu. Kuta za ateri zinapojeruhiwa nazo hutupa zake. Mashine ilizipima zote kwa pamoja ikazigeuza kuwa rangi moja. Kijani, una mapafu ya mbuzi wa mlimani. Manjano, ngoja. Nyekundu, kabali imeshafika, ingawa bado unapanda ngazi ukiimba.

Rangi hiyo mwenye damu hakuambiwa.

Sheria ya nchi ilisema hivi: mfanyakazi aliyeambiwa na mwajiri wake kwamba ana kabali, ashushwe bondeni mara moja, na mwajiri amgharamie vidonge vya kulegeza ateri hadi mwisho wa uhai wake. Ilikuwa sheria nzuri, iliyoandikwa na watu wenye huruma. Shirika la Ukungu liliisoma kwa makini kuliko walioiandika. Kama anayetibiwa ni aliyeambiwa, basi asiambiwe mtu. Wasoma damu wakalishwa kiapo cha kufunga mdomo, na rangi zikabaki na kazi moja tu, kujua nani asiongezewe mkataba.

Mwezi ule, rangi ya Atilio Kikoti ilikuwa nyekundu iliyokolea kama damu ya kuku.

*

"Kamwene, mla mbwa," Kanisia alimsalimia kwa Kihehe kantini asubuhi, akiweka sahani yake mbele ya sahani ya Atilio.

Atilio alikuwa msimamizi wa nyavu za juu, mwanaume mpana wa kifua, mwenye sauti ya kuita watu toka mwamba wa pili. Aliinua macho taratibu.

"Mkimbizi umeamka? Nilidhani umeshasikia mbiu ya vita ukakimbia."

Meza za jirani ziligeuka kusikiliza. Kanisia alikuwa Mngoni, Atilio Mhehe, na Wangoni na Wahehe ni watani toka enzi za mababu, walipopigana mpaka wakachoka wakageuza mikuki kuwa matusi. Neno la mtani halina kesi. Begani nako halikuwa na kesi. Shirika lilipoona makabila yamebanana kwenye mwamba na ngumi zinarushwa kila kukicha, liliandika kwenye kanuni zake za kazi kwamba maneno ya watani hayahesabiwi kuwa kosa. Katika ukuta mzima wa kiapo, Kanisia aliuona mlango huo mmoja tu.

"Moyo wako unavimba kama andazi," alisema, kwa sauti ya kusikika meza zote. "Upande wa kulia. Mimi nimeuona. Shuka bondeni ukatafute vidonge kabla hatujakubeba."

Kantini nzima ilicheka. Atilio alicheka kuliko wote.

"Msikieni. Shaka aliwakimbiza toka kusini wakakimbia mpaka wakasahau walikotoka. Sasa wanataka na sisi tukimbie. Mhehe hakimbii, mama."

"Mhehe hujinyonga."

"Kwa kamba yake mwenyewe. Hajinyongi kwa ushauri wa Mngoni."

"Nakwambia kweli, Atilio."

"Na mimi nakwambia kweli. Babu yako alichunga ng'ombe wa babu yangu, na wawili hawakuonekana mpaka leo. Warudishe kwanza, ndipo tuzungumze habari za moyo."

Kanisia alimrudia wiki iliyofuata, chini ya ngazi za nyavu, akamwambia ateri zake zimekaza. Atilio akamjibu kwamba kilichokaza ni mkono wa Mngoni usiotoa. Alimrudia kanisani, nje ya lango, akamshika mkono, akamtazama usoni bila kucheka. Mkewe Atilio, mama Fausta, akapiga kofi pajani akasema huyu mwanamke anajua kuigiza, anafaa kuwekwa kwenye sinema. Kadiri Kanisia alivyosisitiza, ndivyo alivyosifiwa kwa utani.

*

Daktari Kagaruki, mkuu wa afya wa Shirika, alimwita ofisini. Hakumkaribisha kiti.

"Binti Gama, wewe ni msomi. Una stashahada ya maabara. Unacheza na kiapo chako mbele ya watu wanaokula ugali."

"Ni mtani wangu, daktari. Kanuni zenu zinaruhusu."

"Kanuni haikuandikwa kwa ajili hiyo."

"Ifuteni, basi. Muwaambie kwa nini mnaifuta."

Daktari alivua miwani akaifuta kwa ncha ya koti. Hakuwa mjinga, na hakuwa mtu wa kupiga kelele. Kanisia angempendelea mjinga.

"Katika kila watu kumi wenye nyekundu," alisema, "watatu hawataugua kamwe. Miili yao itajirekebisha. Mashine haijui ni watatu gani, mimi sijui, wewe hujui. Ukiwaambia wote kumi, hao watatu utawashusha kwenye joto wakafie huko kwa ugonjwa wasio nao. Utawatazama usoni?"

"Nitawaambia hivyo hivyo. Kumi, na watatu kati yao. Wachague wenyewe."

"Mtu hachagui kwa hesabu. Huchagua kwa hofu. Nusu ya wanaopanda nyavu watashuka kwa wiki moja, na nyavu zisipopandwa, bonde halina maji. Kule chini kuna watoto. Umewaweka kwenye hesabu yako?"

Kanisia aliyatazama mabomba nje ya dirisha, yanayoshuka bondeni.

"Na hao saba?" alisema mwishowe.

"Hao saba wana miaka mizuri mbele yao, wakiwa na kazi, na nyumba, na maji. Wanakufa wakiwa na furaha."

"Wanakufa wakiwa na nyavu mgongoni."

"Utani una mipaka yake," Daktari Kagaruki alisema, akavaa miwani. "Usinilazimishe nikuoneshe ilipo."

Kanisia alirudi maabara. Juu ya mashine zilikuwa zimeshaanza kutoka rangi za mwezi huo. Alitafuta ya Atilio, kisha, bila kujua kwa nini, akatafuta ya Fausta, bintiye wa pekee, aliyekuwa mfumaji kwenye nyavu za chini. Mwezi uliopita ilikuwa manjano. Sasa ilikuwa nyekundu, changa bado, nyekundu ya ugonjwa unaoweza kushikwa mkono ukarudishwa nyuma, kama mwenye nao atameza vidonge na kuondoka kwenye hewa nyembamba. Baba alikuwa amemrithisha.

*

Atilio alikufa asubuhi ya ukungu mzito, katikati ya ngazi, mkono mmoja kwenye nguzo. Mkanda wake wa usalama ulimshika, akaning'inia pale kama nguo iliyoanikwa, na waliokuwa chini walidhani anawatania. Walimwita. Walimtukana kidogo. Walipomshusha alikuwa amekwisha.

Kabla ya saa sita Shirika lilitoa tamko kwenye vipaza sauti: msimamizi Kikoti alipanda akiwa amekunywa ulanzi. Kwa Mhehe tamko hilo lilikaa vizuri, kila mtu anajua Wahehe na ulanzi wao wa mianzi. Hata wafiwa waliinamisha vichwa, kwa sababu ni kweli alikuwa akinywa Jumapili. Kisha Shirika likaonesha huruma yake. Ingawa nyumba ya mzembe hurudishwa, familia haitafukuzwa, kwani Fausta atapewa nafasi ya baba yake. Nyavu za juu. Zile za juu kabisa.

Mama Fausta alilia kwa shukrani.

Kanisia alisikia tamko akiwa dirishani pa maabara, na rangi ya Fausta ikiwa mbele yake.

Alikwenda mazikoni kama desturi inavyomtaka mtani aende, amejipaka majivu usoni, amevaa ovaroli kuukuu ya Atilio na helmeti yake ya kazi imempwaya mpaka puani. Waombolezaji walipomwona waliachia kicheko kilichochanganyika na kamasi. Ndicho kilichomleta. Mtani haji msibani kulia. Huja kumtukana marehemu mpaka waliobaki wapate nguvu ya kumzika.

Jeneza lilipofikishwa kaburini, alilitangulia. Aliruka shimoni, akajilaza chali, akakunja mikono kifuani.

"Hazikwi mtu humu," alisema. "Nimeshapanga mimi."

"Toka, mkimbizi," alisema Gaspari, mdogo wake marehemu. "Hata kaburi mnataka mtunyang'anye?"

"Leta fidia."

Gaspari alikuwa amejiandaa. Alimtoa jogoo kwenye kikapu, mwekundu, mnene, akamshusha kwa miguu. Kanisia alimpokea akamkumbatia. Watu walicheka. Daktari Kagaruki, aliyesimama upande wa wakubwa akiwa na shada la Shirika, alitabasamu kidogo na kutazama saa.

"Bado," Kanisia alisema. Aliinuka, akambana jogoo kwapani, akaanza kumwigiza marehemu kama mtani anavyoruhusiwa.

Alipanda ukuta wa kaburi kama anayepanda ngazi. Alitwaa sauti ya Atilio akaita, "Vuteni hizo kamba, nyie wali wa jana," na watu wakaanguka kwa kicheko, maana ilikuwa yeye mtupu. Alipanda tena. Alisimama, akainama kufunga kamba za buti ambazo hazikuwa zimefunguka. Akapanda. Akainama tena. Alishusha pumzi kwa mdomo, fupi fupi, midomo ikisogea kama ya samaki. Akashika nguzo isiyokuwapo, akaegemeza paji la uso, akajifanya anatazama mandhari. Akaminya kifundo cha mguu kwa kidole na kukitazama kile kishimo kinachobaki, kama Atilio alivyokuwa akifanya kantini chini ya meza akidhani haonwi.

Kicheko kilianza kupungua pembeni. Wapo waliotazama buti zao. Mwanamke mmoja wa nyavu za kati alimshika mumewe mkono, na mume akautoa.

"Hivyo ndivyo walevi wanavyopanda?" Kanisia aliuliza. "Alipumua hivi tangu masika. Hiyo si pombe. Hiyo ni kabali, na Shirika lilijua kabla hata ya mkewe. Damu yake ilisema nikaisoma mimi kwa macho yangu."

Vichwa viligeukia upande wa wakubwa. Kisha Daktari Kagaruki akacheka, kicheko kizuri cha mtu mzima anayewahurumia watoto.

"Jamani, huyu ni mtani. Ameigiza vizuri kweli. Mpeni na mtetea, tuzike."

Na watu wakacheka naye. Kanisia alikiona kicheko kikirudi, kikipita toka mtu hadi mtu kama maji yanavyopita nyavuni, kikiwaosha hofu. Alimwona Fausta akicheka machozi yakimtoka, helmeti mpya ya nyavu za juu mkononi. Atilio alikuwa amecheka hivyo hivyo.

Basi Kanisia akafanya jambo ambalo Mngoni hajawahi kumfanyia Mhehe. Alimtoa jogoo kwapani akamnyoosha juu.

"Gaspari. Pokea jogoo wako."

"Hakutoshi?"

"Ananitosha. Namrudisha."

Gaspari hakunyoosha mkono. "Mtani harudishi fidia," alisema polepole.

"Ndiyo maana namrudisha."

Wazee wa pande zote mbili walisogea. Kurudisha fidia ya mtani ni kukata utani, na mwenye kukata utani, neno lake linarudi kuwa neno, na kesi yake inarudi kuwa kesi. Daktari Kagaruki hakuwa wa makabila hayo, lakini alikuwa ameisoma kanuni aliyoisaini. Tabasamu lilimfutika usoni.

"Kanisia," alisema, kwa upole kabisa. "Bado unaweza kumchukua jogoo."

Kanisia alimwachia. Jogoo aliruka, akapiga mbawa juu ya udongo uliochimbuliwa, akakimbilia miguuni mwa watu, na hakuna aliyemkamata.

"Sina utani na ukoo wa Kikoti," Kanisia alisema toka shimoni. Alivua helmeti, akajifuta majivu kwa mkono wa ovaroli. Sauti ilikuwa yake sasa, na haikuwa nzuri kusikiliza. "Nasema kama msoma damu wa Shirika la Ukungu. Kiapo nilikula, na hapa nakivunja. Kila mmoja wenu ana rangi. Shirika linaijua, wewe huijui. Atakayetaka yake aje dirishani kwangu kesho asubuhi, nitamwambia sikioni, peke yake. Asiyetaka, asije, na asilaumiwe. Katika kumi wenye nyekundu, watatu hawataugua. Hapo daktari hadanganyi, na mimi siwafichi. Saba wataugua. Atilio alikuwa mmoja wa saba."

Hakuna aliyempa mkono kutoka. Alipanda mwenyewe, kwa viwiko, akaenda mpaka aliposimama Fausta. Walinzi wa Shirika walikuwa wameshaanza kupenya umati. Aliweka mdomo sikioni mwa msichana akasema maneno machache.

Fausta alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akampiga kofi lililosikika hadi kwenye jeneza.

Atilio Kikoti akazikwa bila matusi. Watu walisema hawajawahi kuona maziko ya kikatili kama yale.

*

Kesho yake asubuhi walimtoa Kanisia kwenye chumba cha walinzi, alikolazwa usiku, wakamleta ofisini kwa Daktari Kagaruki. Safari hii alipewa kiti. Mezani kilikuwapo kinasa sauti, taa yake inawaka. Kupitia kioo aliliona dirisha la maabara, limefungwa, na mbele yake msururu wa watu waliojifunika blanketi, umepinda kona ya kantini. Hakuna aliyezungumza na mwenzake.

"Nitasema kwa kifupi," alisema daktari. Hakulala, ilionekana. "Ulichokifanya ni jela, na baada ya jela ni bondeni. Lakini kuna njia. Sema ilikuwa utani uliopitiliza kwa uchungu wa msiba. Omba radhi kwa Shirika na kwa wafiwa. Gaspari yuko hapo nje na jogoo wake, tumemwita. Utampokea, utani utaungwa, kanuni itakulinda. Kazi yako utabaki nayo."

"Na Fausta?"

"Fausta atakuwa ametaniwa. Ataendelea na kazi."

"Nyavu za juu."

"Aliipokea mwenyewe."

Kanisia alikitazama kinasa sauti. Ndipo alipouona ukubwa wa kilichokuwa kinaombwa. Jana, shimoni, alikuwa amesema kama msoma damu wa Shirika. Mdomo wake ulikuwa mdomo wa mwajiri, hata kama mwajiri aliuchukia. Fausta alikuwa ameambiwa. Mbele ya mahakama yoyote, vidonge vilikuwa vyake mpaka uzeeni, na vya kila mtu kwenye msururu ule atakayepata sikio la kumnong'oneza. Isipokuwa kama neno lenyewe halikuwa neno. Radhi moja tu ingelifanya kuwa mzaha, nalo lingekwenda lilikokwenda andazi na ng'ombe wa babu.

Daktari aliona kwamba Kanisia ameelewa.

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Fausta aliingia, mlinzi akimfuata kwa kuchelewa. Macho yalikuwa yamevimba, kichwa hakikufungwa kitambaa. Helmeti ya nyavu za juu ilikuwa bado mkononi mwake.

"Ameshaomba?" alimuuliza daktari.

"Bado."

Fausta alimgeukia Kanisia. Siku zote alimwita mtani. Sasa alimwita kama mtu anavyoitwa na karani.

"Kanisia Gama. Mama yangu anaweza kuishi kwenye joto la bondeni?"

"Kwa shida."

"Nyumba yetu itachukuliwa?"

"Ndiyo."

"Na kama mimi ni mmoja wa wale watatu? Kama siumwi wala sitaumwa?"

"Basi nitakuwa nimekuharibia maisha bure."

"Hukuniuliza kama nataka kujua. Wale wengine umewaambia waje wakitaka. Mimi uliniletea mpaka sikioni, baba yangu hajafunikwa udongo."

"Ulikuwa umeshika helmeti hiyo," Kanisia alisema. "Ungeipandisha asubuhi hii."

"Ilikuwa yangu kuipandisha." Fausta aliibana helmeti kifuani. "Baba ulimchekesha mpaka akafa. Mimi ndiye ukaniambia kweli. Ungegeuza. Yeye ungemwambia kweli, mimi ungenichekesha."

Hilo lilimpata Kanisia mahali ambapo kofi halikufika. Nje, mtu kwenye msururu alikohoa, kikohozi kirefu, na wote watatu ofisini walikisikiliza kwa masikio ya kazi.

"Niombe radhi," alisema Fausta. "Simtaki mwingine yeyote aniombe. Wewe. Sema tu umenikosea, nitakwenda zangu."

Daktari Kagaruki alikisogeza kinasa sauti inchi moja kuelekea kwa Kanisia. Alifanya hivyo polepole, kwa kidole kimoja.

Lilikuwa neno dogo. Msichana alistahili kulipata. Hata jiwe lingempa. Kanisia alilihisi limefika kwenye meno. Alimtazama Fausta, midomo yake, ambayo kwa mbali, kwa mtu anayejua kutazama, ilikuwa imeanza kuiva kama zambarau kwa kupanda ngazi za ofisi tu.

"Uliambiwa na nani kwamba una kabali?" alimuuliza.

"Unanichezea?"

"Jibu hapo, kwenye hicho chombo. Uliambiwa na nani?"

"Na wewe."

"Mimi ni nani?"

Fausta alimtazama, akakitazama kinasa sauti, akamtazama daktari, ambaye ghafla alikuwa anatafuta mahali pa kuweka mikono yake. Kitu kilipita usoni mwa msichana. Hakikuwa msamaha. "Msoma damu," alisema taratibu. "Wa Shirika."

"Gaspari anangoja," daktari alisema haraka. "Binti Gama, huyu mtoto amefiwa. Anakuomba neno moja la kibinadamu. Una moyo gani?"

"Wa kijani. Nimeusoma mwenyewe."

"Omba radhi."

"Siombi."

"Omba kwake basi, Shirika liache."

Fausta aliweka helmeti juu ya meza, katikati yao, akabaki amesimama. Hakuondoa ombi lake. Macho yake yalikuwa bado yanalidai.

"Nimesoma nilichosoma, nikasema nilichosoma," Kanisia alisema, akiinamia kinasa sauti ili kisikose hata herufi. "Atilio Kikoti alikuwa na kabali, Shirika likajua. Fausta Kikoti ana kabali, na sasa anajua. Haikuwa utani. Jogoo simtaki. Siliombi radhi Shirika, siwaombi radhi wafiwa, na wewe, Fausta, sikuombi radhi."